Betri Sakafuni, Gurudumu Uvunguni

Alifanya kazi miaka tisa kwenye gereji ya mjomba wake, na minane ya mwanzo hakuhoji kitu. Mwaka wa tisa akashindwa kujizuia. Alishika spana, akaiweka, akaishika tena, maswali yamemjaa kichwani. Mafundi wenzake, wanaume watatu wa makamo, wakambandika jina la Kulikoni.

Sheria za gereji hazikuandikwa popote. Mjomba alizipokea kwa fundi aliyemfundisha, naye huyo alizipokea kwa mwingine. Betri isiwekwe kwenye sakafu ya saruji, itanyonywa umeme. Gari likiinuliwa kwa jeki, gurudumu lililotolewa lilazwe uvunguni. Ukiuliza sababu, unaambiwa ndivyo inavyofanywa.

Kulikoni alianza na betri. Alichukua mbili zinazofanana, akazichaji zikajaa, moja akaiweka juu ya ubao na nyingine sakafuni, kisha akawa anazipima kwa mita kila asubuhi. Nyumbani mumewe alimwona hatulii, anakula amesimama, akamwuliza kama kuna mgonjwa kazini. Akajibu kwamba kuna betri mbili.

Wiki ya nne mita bado ilisoma sawasawa kwa betri zote mbili. Alimpelekea mjomba daftari. Mzee alivaa miwani, akasoma ukurasa mzima, akamrudishia. Kisha akainama, akainua ile betri ya sakafuni na kuipandisha ubaoni.

Kwa Kulikoni, heri angetukanwa. Tangu siku hiyo kila sheria aliiona uongo uliozeeka. Asubuhi moja, akibadilisha breki za gari la mwalimu mmoja, aliliegemeza gurudumu ukutani. Fundi wa pembeni alipomkumbusha, alisema amechoshwa na uganga wa gereji hii. Akalala chini, akapenyeza mkono. Kuna nati ilimkatalia, akajivuta nje kutafuta spana kubwa zaidi. Hapo hapo jeki ikateleza. Gari likashuka kwa kishindo, diski ya breki ikachimba saruji pale pale mkono wake ulipokuwa, mahali ambapo gurudumu lililolazwa lingelizuia gari lisifike chini.

Alikaa juu ya ndoo. Mjomba alikuja akachutama mbele yake. Hakumgombeza. Alimsimulia jambo ambalo hakuwahi kulisema: ujanani, rafiki yake wa kazi aliangukiwa na gari, na yeye mjomba ndiye aliyehangaika kuliinua, akachelewa.

"Sheria hii naijua ilikotoka, mwanangu," alisema. "Ile ya betri siijui. Niliambiwa, nami nikawaambia watu."

"Sasa mbona uliirudisha ubaoni?"

"Niliona haya. Miaka arobaini nimewafokea watu kwa ajili ya ubao."

Kesho yake aliwaambia mafundi kwamba betri ikae popote penye nafasi. Gurudumu likaendelea kulazwa uvunguni, na Kulikoni mwenyewe akaongeza stendi mbili za chuma, kwa sababu jeki hakuiamini tena. Lakini hakutulia. Sasa wanabishana kuhusu nati za magurudumu, ambazo mjomba anataka zikazwe kwa kusimama juu ya spana na uzito wote wa mwili. Kulikoni amekusanya boliti saba zilizokatika kwa kukazwa kupita kiasi, amezipanga juu ya meza ya mzee, na tangu asubuhi anapita mbele ya mlango wa ofisi yake, anarudi, anapita tena.