Pua ya Bibi Mwiko

Mtu akikuambia Bibi Mwiko haogopi kitu, ujue hakuwepo siku serikali ilipomletea jiko. Miaka ishirini na sita mwanamke huyu amepikia shule ya watoto mia nne kwa kuni, kwenye masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani. Mwalimu mkuu mwenyewe akiingia jikoni bila kubisha hodi anafurushwa kwa mwiko, ndiyo maana jina la kuzaliwa la mama huyu limeshasahaulika. Lakini jiko jipya lilipowashwa mara ya kwanza, likasema fup, Bibi Mwiko alirudi nyuma hatua tatu, akamkanyaga afisa wa nishati mguuni, na wala hakuomba radhi.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, tusimung'unye maneno. Shule ilikuwa inateketeza lori zima la kuni kila wiki, na vilima vya nyuma vimebaki vipara. Serikali ikatoa saruji, mabomba na majiko. Wazazi wakachimba shimo kwa mikono yao, wakapanga zamu za kuleta samadi ya ng'ombe. Samadi inaoza shimoni, inatoa gesi, gesi inapita kwenye bomba mpaka jikoni, basi. Kuni hakuna, moshi hakuna. Shule kumi na moja zilipata majiko hayo, na watu walipiga vigelegele.

Wapishi wote kumi na mmoja waliitwa kufundishwa. Fundi wa gesi, kijana mpole mwenye kalamu sikioni, aliwaketisha kwenye madawati ya watoto, magoti yakagonga mbao.

"Mama zangu," akasema, "gesi hii huioni. Ikivuja, inanuka mayai viza. Pua yako ndiyo mlinzi wako. Ukinusa tu, usiwashe hata kiberiti. Fungua madirisha, funga koki ya nje, toka. Tumeelewana?"

"Tumeelewana!" wakaitikia wote, na sauti ya Bibi Mwiko ilikuwa juu kuliko zote. Kumbe kijasho chembamba kinamtiririka mgongoni.

Kwa sababu Bibi Mwiko hanusi. Hanusi kabisa, hata ukimwekea kitunguu chini ya pua. Aligundua siku maharage yalipoungua mpaka jirani wa shule akaja mbio, na yeye amekaa pembeni ya sufuria, anachambua mchele kwa raha zake. Akasingizia mafua. Halafu akasingizia uzee. Tangu hapo akawa anapika kwa macho na masikio, anatazama mvuke, anasikiliza sufuria, na kwa yaliyobaki anamtegemea Wifi, mke wa kaka yake, ambaye ndiye msaidizi wake.

"Hebu nusa hapa, mimi nina mafua."

"Mafua gani hayo ya miaka kumi?"

"Ya ukoo wetu. Nusa, acha maneno!"

Angesema vipi? Nani atamwacha jikoni mpishi asiyenusa? Wajukuu watatu walikuwa wanamtegemea yeye na lile jiko. Akakaa kimya, na hofu ikawa mara mbili: anaogopa kujulikana, na anaogopa kuua. Maana ukuta wa jiko ndio huohuo ukuta wa darasa la kwanza. Watoto arobaini upande wa pili wanaimba namba, moja, mbili, tatu, na kila wakiimba anaigusa koki. Jioni anakagua koki, anaondoka, anafika getini, anarudi kukagua tena. Mlinzi alimuuliza kama amesahau mchumba humo ndani.

Basi, Jumanne moja Wifi alimpeleka mtoto kliniki. Bibi Mwiko akajikaza, akawasha jiko peke yake, macho ameyafumba na mkono ameunyoosha mpaka mwisho. Likawaka. Akatabasamu, masikini, akateleka maharage.

Haukupita muda, moto ukaanza kusinyaa. Waliokuwa na zamu ya samadi walikuwa wametega siku mbili, gesi imepungua shimoni. Na hapa mazoea yakamponza. Mpishi wa kuni, moto ukisinzia anafanya nini? Anainama, anajaza mashavu, anapuliza. Bibi Mwiko akainama, akapuliza kwa nguvu zote za miaka ishirini na sita. Fuuu! Moto ukazimika.

Akasonya. Kiberiti hakipo rafuni. Akaenda kukitafuta stoo, akapekua magunia, akakipata, akarudi. Njiti ameshaitoa, ameshaiweka kwenye ubavu wa kiberiti, ndipo akasimama ghafla. Koki niliifunga?

Akavuta pumzi. Hakuna kitu. Akavuta tena mpaka mbavu zikamuuma. Hakuna kitu, kama siku zote. Labda hewa ni safi, labda jiko zima limejaa gesi mpaka darini, na yeye hana namna ya kujua. Upande wa pili wa ukuta wameanza: moja, mbili, tatu. Aliogopa hata kuirudisha njiti ndani ya kiberiti, isije ikakwaruza.

Akaiondoa polepole, akailaza mezani, akasukuma madirisha, akatoka mbio kanga inaburuta, akaingia darasa la kwanza bila hodi.

"Tokeni! Wote nje, uwanjani, haraka!"

Watoto wakadhani ni mchezo, wakatoka wanacheka. Mwalimu mkuu akaja mbio. "Kuna nini, mama?"

"Gesi!"

"Umeinusa?"

"Sijui!"

"Hujui vipi?"

"Sinusi, mwalimu!" Akapiga ukelele huo mbele ya shule nzima, machozi yanamtoka. "Sinusi kitu! Mwaka wa kumi huu sinusi!"

Mwalimu mkuu akasogea kwenye mlango wa jiko hatua mbili tu, akaziba pua kwa kiganja, akarudi mbio. Alizunguka nyuma, akafunga koki ya nje, akarudi kuikaza tena.

Mchana fundi akaja, akapima, akatazama njiti iliyobaki nzima juu ya meza, kisha akautazama ule ukuta. "Ungeiwasha hii..."

"Nifukuzeni tu," Bibi Mwiko akasema. "Lakini humo sirudi."

Hakufukuzwa. Ijumaa fundi aliwaita tena wapishi wote kumi na mmoja kwenye madawati yaleyale. Alikuja na king'ora kidogo cha kubandika ukutani, kinachopiga kelele gesi ikivuja, akasema ni cha jiko la Bibi Mwiko, kipo hicho kimoja tu. Halafu akauliza, kama mtu asiyetegemea jibu:

"Kuna mwingine asiyenusa?"

Mmoja akajifanya anafunga kilemba vizuri. Bibi Mwiko akasimama, akawageukia wenzake.

"Acheni kuona haya. Mimi nilikuwa na njiti mkononi, na watoto wanaimba."

Mkono mmoja ukainuka nyuma. Halafu wa pili. Fundi akatoa kalamu sikioni, akaanza kuhesabu, na alipofika wa saba akakaa juu ya dawati.

"Saba?" akasema. "Mlikuwa mnaitikia tumeelewana!"

"Mwanangu, moshi umekula pua zetu," akajibu mama mmoja. "Tungekuambiaje?"

Fundi akatazama saa ya ukutani. Saa nne kasoro, wakati shule zote ziko kwenye kupika. "Sasa hivi majikoni kwenu yuko nani?"

"Wasaidizi wetu."

"Na wao wamepika kwa kuni miaka mingapi?"

Bibi Mwiko alishika ubao wa dawati kwa mikono miwili. Fundi alikuwa ameshafika mlangoni, simu sikioni, anapigia shule ya kwanza, na ilikuwa inaita tu.