Tuliita Seva Zetu, Akaitika na Asiye Wetu

Seva zetu zilikuwa mia na ishirini. Tulipoziita, zikaitika mia na ishirini na moja.

Na ulikuwa mwezi wa saba.

Hapa Taiwan, mwezi wa saba wa kalenda ya zamani una wenyewe. Milango ya kule chini kwa waliotangulia inafunguliwa, wanatoka kutembea mwezi mzima, na mtu mwenye akili zake hawataji kwa jina. Tunawaita ndugu wema, tunawaandalia chakula, maisha yanaendelea.

Mimi naitwa Po-hsun, fundi mitandao wa kampuni ndogo hapa Hsinchu. Siku hiyo tulikuwa tunakabidhi kundi la seva kwa ofisi moja inayopiga hesabu za mvua na vimbunga.

Mkaguzi wao akitia saini, kampuni inapumua. Asipotia, bosi alishatuambia kinagaubaga kwamba anafunga milango, na mimi narudi Yunlin kung'oa vitunguu saumu na baba.

Baba nampenda. Vitunguu saumu hapana.

Sasa ngoja nikueleze kitu kimoja, maana bila hicho hutaelewa kilichotukuta.

Ndani ya kila seva mna kikompyuta kingine kidogo, kidhibiti. Hicho ndicho mlinzi wake. Seva yenyewe inaweza kuwa imezimwa, imelala fofofo, lakini mlinzi yuko macho, mradi waya wa umeme uko ukutani.

Na ukimshika mlinzi, umeishika seva. Unaiwasha, unaizima, unaifanya utakavyo, nawe umekaa chumba kingine unakunywa chai. Ndiyo maana vidhibiti vyote tunaviweka kwenye mtandao wao peke yao, na mgeni hatakiwi kukanyaga humo.

Kujua wako wangapi ni rahisi. Unapiga hodi kwenye mtandao mzima, nani yupo? Kila kimoja kinajibu, mimi hapa.

Basi nikapiga hodi mbele ya mkaguzi, Bi Keng, mama mmoja mfupi mwenye miwani, ambaye nadhani mara ya mwisho kucheka alikuwa chekechea.

Akaitika na wa ziada.

Mwenzangu Yu-tang akaniambia niite tena. Nikaita tena. Wa ziada akaitika tena, bila wasiwasi, kama mtu wa nyumbani.

"Huyo wa mwisho ni nani?" Bi Keng akauliza.

"Tunamtafuta, Bi Mkaguzi."

"Mkimpata na kumtoa, natia saini. Msipompata, nina treni ya Taipei."

Yu-tang akaingia chumba cha seva, akapita kabati moja baada ya jingine. Kila seva ilikuwa mahali pake, na juu ya kila kabati pakiti yake ya kijani ya vitafunio, ile tunayoiweka ili mashine zisilete kiburi. Hakuna kilichozidi.

Aliporudi alikuwa mweupe kama tofu. Akaninong'oneza kwamba kwa anwani ya mtandao aliyoitikia nayo, huyo wa ziada ni wa aina ya kizamani, zile mashine tulizozitupa stoo.

"Po-hsun, ile ilishakufa," akasema. "Iliyokufa inaitikaje?"

Nikamwambia afunge bakuli lake. Mwezi wa saba huo, maneno gani hayo.

Lakini na mimi nilikuwa nimeshalowa jasho mgongoni.

Nikashuka mapokezi kumweleza bosi, na huko nako nikakuta moto mwingine.

Bosi wetu, Mama Shih, alikuwa amesimama mbele ya meza ya sadaka. Bata mzima, mananasi, bia, tambi za pakiti, hata beseni la maji na taulo ili ndugu wema wanawe uso. Kitambaa chekundu kilifunika meza mpaka sakafuni.

Alikuwa ameshaapa kwamba hawashi kitu kipya mwezi wa saba bila kuwaomba ruhusa. Wakikataa, kazi inasogezwa mpaka mwezi uishe. Na Bi Keng harudi, hilo tulilijua sote.

Ruhusa inaombwa kwa vile vipande viwili vya mti vyenye umbo la mwezi mchanga. Unavirusha chini. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, wamekubali. Vyote kifudifudi, wamekataa. Vyote chali, wanakucheka.

Alikuwa amesharusha mara mbili. Ya kwanza wamekataa, ya pili wamemcheka.

"Imebaki moja," akaniambia, macho mekundu. "Hiyo ndiyo ya mwisho, Po-hsun. Usinisemeshe."

Upande wa pili wa meza alikaa mama yake, tunayemwita Ama, yaani bibi, kwenye kigoda, viatu kavua, miguu kaiingiza chini ya kitambaa. Alikuwa hajala tangu asubuhi, kwa sababu hakuna anayegusa chakula mpaka wageni wajibu. Alimkazia macho yule bata kwa huzuni ya kweli.

Nikapanda ngazi. Juu nadaiwa mgeni, chini nasubiri wageni. Nikaanza kusikia harufu ya vitunguu saumu.

Nilibakiwa na wazo moja tu. Mlinzi wa ziada anaitika, basi nimwamrishe aiwashe seva yake. Seva za kizamani zikiwaka, feni zake zinaunguruma kama lori linapanda mlima, na popote ilipo tutaisikia.

Nikaandika nywila ya zamani ya kampuni. Nikaandika amri: washa. Nikabonyeza.

Hapo hapo, chini, pakalipuka mngurumo.

Sikungoja hata kusoma jibu kwenye skrini. Nilizifyatukia zile ngazi, Yu-tang nyuma yangu, Bi Keng nyuma yake ameshika mkoba.

Tulichokikuta mapokezi sitakisahau.

Kitambaa chekundu kilikuwa kimejaa upepo, kinapigapiga. Moshi wa udi unazunguka. Mama Shih kapiga magoti, mikono kifuani, analia na kucheka kwa pamoja.

Alikuwa ameshavirusha. Kipande kimoja kililala kifudifudi. Cha pili kilisimama wima, kimeegemea kitambaa, si ndiyo wala si hapana. Ndipo upepo ukatoka chini ya meza, kitambaa kikaruka, na kipande kikaanguka.

Chali.

"Wamekubali," akasema. "Umeona? Wamekubali kwa sauti."

Mimi nilikuwa nimeshajua. Nikainama, nikainua kitambaa.

Seva ya kizamani, ile ya stoo, juu yake sahani ya biskuti. Waya wa umeme ukutani. Na waya wa mtandao umechomekwa kwenye tundu la mtandao wa vidhibiti nililolifungua mimi mwenyewe jana yake, ili Bi Keng akitaka akague akiwa amekaa mapokezi penye hewa.

Nikauliza nani ameiweka pale.

"Mimi," Ama akasema, bila aibu hata kidogo. "Kila mwaka beseni na taulo, beseni na taulo. Ninyi hamkai hata kidogo bila mtandao, wao hawachoki? Kompyuta ya karatasi, ile ya kuwachomea ili iwafikie, mmenikataza kuichoma humu ndani. Nikawapa ya chuma."

Hapo nikabanwa haswa. Nikinyamaza, Bi Keng ana seva iliyojiwasha bila maelezo. Nikisema, namvunja bosi moyo, na pengine anafuta ruhusa yake.

Nikasema. Nikamwambia Mama Shih kwamba haikuwa sauti ya ndugu wema, ni feni, na aliyeziwasha ni mimi, kwa mkono wangu huu.

Akajifuta machozi kwa taulo ya wageni.

"Po-hsun," akasema, "mimi niliuliza kama wanakubali. Sikuuliza watatumia mkono wa nani."

Nilitaka kumbeba nizunguke naye chumba kizima.

Tukamgeukia Bi Keng. Yeye akatua mkoba, akachukua vijiti vitatu vya udi, akainama mara tatu mbele ya meza. Kisha akasema sadaka haikatizwi, tungoje udi uishe ndipo tuchomoe waya.

Tukangoja. Udi ukaisha, nikachomoa, nikapanda juu nikapiga hodi upya. Wakaitika wetu wote, na wetu tu. Bi Keng akatia saini, na nakuapia, midomo yake ilitaka kucheka.

Sasa hapo ungedhani kisa kimeisha.

Nilipokaa kufunga kompyuta yangu, nikaliona lile jibu ambalo sikulisoma wakati ule.

Nywila si sahihi. Amri imekataliwa.

Nikasoma tena. Nywele zikanisimama. Sikuiwasha mimi.

Nikashuka taratibu. Wenzangu wanakula, wanapigiana kelele. Ama kakumbatia paja la bata, mafuta mpaka kidevuni. Nikachuchumaa karibu naye nikamwambia kwamba ule mkono haukuwa wangu.

"Najua," akasema, anatafuna. "Wala haukuwa mkono. Ulikuwa mguu."

Nikaitazama miguu yake, bado haina viatu.

"Kile kitufe kikubwa cha mbele. Nilikigusa kwa dole gumba. Huyu binti yangu anauliza, anauliza, na bata anapoa."

"Kwa hiyo waliokubali si wao, Ama. Ni wewe."

Akaacha kutafuna. Akaniangalia kama unavyomwangalia mtoto wa darasa la kwanza.

"Mimi nina miaka themanini na tatu. Hao ndugu wema, nusu yao nimecheza nao utotoni. Unadhani siwajui? Wangekubali tu. Kula."

Nikala.

Mpaka leo bosi hajui, na seva zile zinapiga hesabu za vimbunga bila hitilafu. Mama Shih anasema ni baraka, na mimi sina ubishi.

Nilichojifunza ni hiki. Jambo lako likikubaliwa ghafla, shukuru mbingu, shukuru na ardhi, halafu chungulia chini ya meza. Mwenye njaa hana miiko, na mara nyingine huyo ndiye anayekuokolea kazi.