Yaliyo Nyuma ya Malkia

Mwanamke aliyenifundisha kusoma karata za taro, zile za kutabiria, alitoka Uvira. Alifika Kasongo akiwafuata wachimbaji wa dhahabu ili awauzie vitenge na sabuni, akapanga chumba cha uani kwetu. Sisi ni watu wa jembe na kanisa. Mama mkwe wangu, anayeongoza sala za wanawake parokiani, aliziona zile karata mkekani akaniambia nisikae karibu. Nilikaa karibu. Mume wangu alikuwa ameenda kuchimba dhahabu upande wa Wamaza, simu yake haipatikani, na mchana ulikuwa mrefu.

Alianza na karata za watu: wafalme, malkia, wapanda farasi na vijana watumishi, wa vikombe, wa sarafu, wa upanga na wa fimbo. Mimi nilitazama mataji na nyuso.

"Acha uso," alisema. "Uso ni vile mutu anapenda aonekane. Angalia kile kiko nyuma yake. Maisha yake iko pale."

Tukaendelea hivyo, siku nyingi, tukichambua majani ya muhogo, sombe, huku karata ziko kati yetu. Mfalme wa vikombe ametulia, lakini kiti chake kiko katikati ya maji, samaki anaruka nyuma yake na meli inayumba; hana mahali pakavu pa kukanyaga. Malkia wa sarafu ana maua juu yake na sungura pembeni, maana yake nyumba yenye uzazi na chakula. Mpanda farasi wa upanga ana miti iliyoinama na mawingu yaliyochanika: anaukimbilia upepo utakaomwangusha. Niliyashika hayo upesi kuliko nilivyoshika katekisimu.

Siku nilipouliza habari za mume wangu, nilitoa mpanda farasi wa sarafu. Wenzake wote wako mwendoni, farasi wake yeye amesimama. Nyuma yake kuna shamba lenye matuta tu, hakuna kilichoota.

"Atarudi?" niliuliza.

"Karata haisemi atarudi. Inasema shamba imelimwa, haijapandwa. Ni mutu mwenye kazi yake haijaisha."

Mimi nikasikia ahadi. Juma lile nilikwenda kumalizia kipande cha shamba alichokuwa ameacha nusu, nikapanda karanga, nikiimba.

Kisha mvua zikakolea. Kijana wa mtaa wetu, anayebeba watu kwa pikipiki, alikuja mchana, akapewa kiti na maji. Maji hakuyanywa. Alisema shimo limewaangukia watu kule Wamaza, wachache wametolewa, wengine wamebaki chini. Baba mkwe alipanda pikipiki hiyo hiyo wakaondoka.

Aliporudi alikuwa na matope hadi kiunoni. Machimboni watu huitana kwa majina ya utani, na jina alilompa mwanawe hakuna aliyelijua. Mwenye shimo alikuwa amekwisha kukimbia. Alipoeleza sura ya mwanawe, mmoja alimwambia kwamba mtu mrefu wa Kasongo alihama kabla ya mvua, akaelekea Kabambare mjini. Mwingine alimwambia kwamba yule mrefu wa Kasongo aliingia shimoni asubuhi ile ile.

"Sikuona maiti," baba mkwe alituambia. "Siwezi kulia mutu ambaye sikuona."

Kwa hiyo matanga hayakuwekwa. Majirani walikuja, wakaishia mlangoni, kwa sababu pole ya msiba haikuruhusiwa na salamu ya kawaida ilikuwa aibu.

Nilirudi kwenye mkeka wa yule mwanamke. Nilitoa malkia wa upanga. Nyuma yake mawingu yamelala chini, na juu kabisa ndege mmoja anaruka peke yake. Sikumngoja mwalimu wangu.

"Mawingu iko chini ya mabega yake," nilisema. "Kilio kimepita. Ndege anaona mbali."

Alizikusanya karata polepole.

"Mama, usiseme vile. Maana unaijua vizuri, lakini maana si habari. Mume wangu mimi aliingia shimo kule Fizi. Nilitoa karata yangu kila asubuhi. Nilipata mto, nilipata ngome, nilipata huyu ndege. Kila asubuhi kulikuwa neno nzuri. Mutu hakurudi."

"Sasa juu ya nini unasomea watu?" niliuliza sababu.

"Juu ya vile wanakuja," alisema, akaingia chumbani kwake.

Hasira ilinipeleka mimi mwenyewe Wamaza, ingawa mama mkwe alinishika mkono kunizuia. Shimo lilikuwa dimbwi la maji mekundu. Hatua chache kutoka pale watu walikuwa wanachimba jingine. Mwanamume mmoja aliyekuwa akiosha mchanga alinionyesha lile dimbwi kwa kidevu, nami nikamwuliza kama watawatoa wale walio chini.

"Hapana, mama," alisema kwa upole. "Ule udongo hauna kitu tena."

Nilimweleza mume wangu alivyo: urefu, kovu la sikioni, namna anavyocheka bila sauti. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema wengi wanapita hapa wenye sura hiyo, akarudi kwenye karai lake.

Yule mwanamke wa Uvira alihama mara dhahabu iliposikika kwingine. Tuliagana vizuri, hakuna aliyetaja karata.

Parokiani kuna kikundi cha wajane. Hulimiana mashamba na kuombeana. Nilikwenda mara moja. Mwenye kuongoza aliniuliza kwa sauti ya chini mume wangu amezikwa wapi, nikatoka kabla sala haijaanza. Mama mkwe huniita mke wa mwanawe siku akiwa na nguvu. Siku nyingine haniiti kwa jina lolote. Mwaka huu shemeji yangu anataka kujenga kwenye kiwanja cha kaka yake. Alikuja kuniomba ruhusa kwa heshima, kofia mkononi, nami nilishindwa kujua nimjibu kama nani.