Mistari ya Salfa na Bomba la Kuonyesha

Chekeni kwanza mmalize, maana najua hapa Newala hakuna aliyebaki ambaye hajasikia habari yangu, na kila anayeisimulia anaongeza la kwake, wengine wanasema mgeni alizimia, wengine wanasema alilazwa. Hakuzimia. Mimi ndiye niliyefanya na mimi ndiye niliyekuwepo, kwa hiyo leo nisikilizeni mimi mwenyewe, na mwisho nitawaambia na lile ambalo hao wasimuliaji hawalijui, ambalo ndilo linaloninyima usingizi.

Mimi ni mtunza uwanja wa mpira wa mtaani kwetu, kazi ya kujitolea (nafyeka nyasi, nafukuza mbuzi, napiga mistari ya chokaa kukiwa na mechi), na msimu ukifika napulizia watu mikorosho yao. Sasa iliposikika kwamba nchi yetu na majirani zetu tunaandaa yale mashindano makubwa ya Afrika, na kwamba kuna wakaguzi wanazunguka mpaka huku Kusini kutafuta viwanja vya timu kufanyia mazoezi, mtaa mzima ukapagawa, vijana wakaanza kubishana ni timu gani italetwa kwetu. Mpira naupenda, lakini niseme kweli, sikuwa nawaza mpira. Nilikuwa nawaza maji. Ilisemekana uwanja utakaokubaliwa utachimbiwa kisima kirefu cha kumwagilia nyasi, na mwenyekiti wa kamati yetu ya uwanja, Mzee Nampota, alishatangaza kwamba kikichimbwa, bomba moja litatolewa nje ya uzio kwa ajili ya wananchi.

Anayekaa huku juu mlimani hahitaji kuelezwa shida ya maji. Bomba la mtaa likitoa maji tunaulizana kuna kiongozi gani anakuja. Mke wangu, Mama Somoe, anashuka bondeni alfajiri na ndoo yake, mpaka aupande ule mlima jua limeshawaka, na tangu mwaka jana goti la kulia linamvimba. Nikamwahidi kwa mdomo wangu mwenyewe, "Mama Somoe, uwanja huu ukipita, hushuki tena bondeni." Akaniangalia kidogo, akasema, "Haya, Baba Somoe, nimekusikia." Ungemsikia alivyolisema hilo nimekusikia, na wewe ungekosa raha kama nilivyokosa mimi.

Ikaletwa fomu ya kuombea uwanja. Niliijaza mimi, kwa sababu Mzee Nampota maandishi madogo hayaoni (hiyo fomu msiisahau). Halafu mzee akasema wageni wakija lazima waone bomba, basi nikachimba shimo pembeni ya goli la kaskazini, nikasimika kipande cha paipu chenye koki mpya inayong'aa, nikashindilia udongo. Kilikuwa kipande kama mkono wangu hivi, huko chini hakikuunganishwa na kitu chochote. Mzee alisema hakuna mkaguzi anayesafiri toka Dar es Salaam kuja kufungua bomba, na mimi nikaona ni kweli.

Wageni walitakiwa waje Alhamisi. Jumatano asubuhi nakunywa uji, shemeji yangu anapiga simu kutoka Masasi. "Shemeji, hao watu huku wameshamaliza, gari lao linapanda huko kwenu sasa hivi." Nikauacha uji. Nyasi nilishazifyeka, magoli nilishayapaka rangi, lakini mistari ilikuwa bado, na chokaa niliyoagiza ilikuwa bado iko dukani hukohuko Masasi, na ile ya akiba ilinyeshewa masika ikawa jiwe. Nikampigia mwenye duka, hapokei. Nikaingia stoo natafuta chochote cha unga unga, hata majivu, macho yakaishia kwenye mfuko wa salfa.

Salfa ni ile dawa ya unga wa njano tunayopulizia mikorosho wakati wa maua isishambuliwe na ukungu. Najua mnachotaka kusema. Hata mimi nilijiambia, Baba Somoe, mistari ya mpira ni myeupe. Lakini mtu akiwa na hofu akili yake inamtafutia njia yoyote ile, nikakumbuka niliwahi kuona kwenye televisheni uwanja wenye mistari ya njano (baadaye nikakumbuka vizuri kwamba ule ulikuwa mchezo mwingine kabisa), nikabeba mfuko huo, nikaenda.

Nilianza na kopo lenye matundu, kama kawaida yangu. Kufika kona ya kwanza nikaona jua linapanda na mimi sijafika popote, mstari unakwenda kama nyoka. Ndipo nikarudi nyumbani mbio kuchukua mashine ya kupulizia. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana mashine ile imetengenezwa irushe unga mpaka kwenye kilele cha mkorosho, na huku juu upepo wa mwezi wa saba haukuombi ruhusa. Nilichuchumaa, nikaelekeza mdomo wa mashine chini karibu na nyasi, nikawasha. Sikupiga mstari, nilitengeneza wingu. Duara la katikati likaenea mpaka karibu na boksi, na nyasi zote zile zikawa na vumbi la njano linalosubiri mtu akanyage.

Kabla sijazima vizuri, gari limesimama. Akashuka mhandisi, mama mmoja mtu mzima, na kijana wake wa kushika mkanda wa kupimia, na Mzee Nampota yuko mbele yao na koti lake la harusi. Nikakimbia kupokea. "Shikamoo mama." Mama akafungua mdomo aitikie, upepo ukapita, akapiga chafya, na ile marahaba nikaipata vipande vipande katikati ya chafya tatu. Akaniuliza, "Mbona njano?" Nikamwambia ni mpango mpya. Mzee Nampota aliniangalia nikatamani nirudi tumboni kwa mama yangu.

Angeishia hapo ningeshukuru. Lakini yule mama anaipenda kazi yake, akachuchumaa katikati ya uwanja, akazichambua nyasi kwa vidole, akapapasa udongo, akanusa, kisha (mimi namwona, nataka kusema mama usifanye hivyo, nachelewa) akajifuta jicho. Akajifuta na la pili. Kijana wake aliyemkimbilia akajifuta na yeye. Watu walishajaa pembeni wakishangilia ugeni, wakadhani wageni wanalia kwa furaha, kuna bibi mmoja akapiga kigelegele.

"Maji," mama akasema huku amefumba macho. "Nipeni maji ninawe."

Kijana wake alikuwa ameshaliona bomba, akamshika mkono bosi wake, wakaanza kwenda. Nilimtazama Mzee Nampota afanye kitu, na yeye ananitazama mimi. Nikasema, "Mama, lile leo lina..." Mhandisi akafika, akafungua koki, hata tone halikutoka. Akaizungusha tena kwa nguvu, na bomba likang'oka lote, na paipu yake, na udongo mkavu ukimdondokea kwenye viatu. Akalipapasa mpaka mwisho, akakuta halijaungwa na kitu. Yule bibi wa kigelegele akajiziba mdomo kwa kanga.

Aliyetuokoa ni Mama Somoe. Alikuwa amepanda kutoka bondeni, ndoo bado iko kichwani, alipita tu kuona ugeni. Aliteremsha ndoo, akachota kwa kikombe, akamshika yule mama kichwa akamnawisha taratibu, akamnawisha na kijana, akarudia, mpaka ndoo ikabaki tupu na chini pakawa tope la njano. Mhandisi alipofumbua macho, mekundu, akauliza, "Maji haya mmeyatoa wapi?"

Mke wangu si mtu wa maneno mengi. "Bondeni, mama. Nimeondoka alfajiri. Ndiyo ya leo yote."

Yule mama akaitazama ndoo, akalitazama goti la mke wangu, akanigeukia mimi. Akatoa fomu yetu kwenye mkoba, akaifunua ukurasa wa pili, akaniwekea mbele. "Nani alijaza?" Nikasema mimi. Kulikuwa na visanduku viwili, kimoja kimeandikwa maji yapo, kingine maji hayapo, na kwenye yapo kulikuwa na alama yangu ya vema, nzito, nimeirudia mara mbili na kalamu. Niliiweka pale kwa sababu nilijiambia, nani atachukua uwanja mkavu. "Wanaojaza hayapo," akasema bila kufoka, na afadhali angefoka, "ndio tunaowaandikia kisima. Nyinyi nimekuja kuwapima nyasi tu. Na sasa siwezi kuwapitisha, maana fomu yenu si ya kuaminika."

Hilo ndilo wasimuliaji hawalijui, kwa sababu alilisema kwa sauti ya chini na tulilisikia watatu tu, mimi, Mzee Nampota, na Mama Somoe. Watu wananicheka kwa salfa, wananiita Mhandisi wa Njano, watoto wananipigia chafya njiani, na mimi naitikia, kwa sababu hiyo ni aibu nyepesi. Juzi tumesikia watu wa kijiji cha Chiwata, ambao magoli yao ni ya miti, walijaza hayapo, na gari la kuchimba limeshaonekana kwao.

Siku hizi bondeni nashuka mimi, na baiskeli, madumu mawili, Mama Somoe anapumzisha goti. Hajanisema hata siku moja. Ila lile bomba aliliokota uwanjani siku ile, akalisafisha, akalitundika kwenye msumari pale juu ya ndoo na madumu, koki yake bado inang'aa. Nimeapa kwamba kuanzia sasa nikiulizwa kitu nisichonacho nitasema sina, nikiulizwa na mkaguzi, nikiulizwa na mtoto. Na kila alfajiri, nikiinama kuchukua madumu, lile bomba linanigusa kichwani.