Siku Katekista Damiano Alipoita

Baba yangu ni Damiano, katekista wa kigango chetu cha Ganako. Watu wa Karatu wanamwita Damiano Mifupa, na jina hilo alilipata kabla mimi sijazaliwa.

Ujana wake alifanya kazi na wachimbaji wa mambo ya kale, kwenye makorongo ya upande wa pili wa Ngorongoro. Kazi yenyewe ilikuwa kuchuchumaa juani na brashi ndogo kama ya kupakia rangi, unafagia udongo taratibu mpaka jino la mnyama litokeze. Alipokuja nyumbani likizo ya kwanza, bibi hakumruhusu kuvuka kizingiti. Alimwekea chakula nje, kwenye kibuyu cha peke yake, akamwonyesha banda la mbuzi akalale huko.

Kwetu Wairaqw mtu aliyegusa maiti yumo ndani ya metimani. Haingii nyumba za watu, hachoti maji pamoja na wenzake, hali nao chombo kimoja, mpaka miezi yake iishe na asafishwe. Na si yeye peke yake, nyumba yake yote inatengwa naye.

"Mama, ni mifupa ya kiboko," baba alijitetea. "Kiboko mwenyewe alikufa kabla dunia haijawa na watu."

"Na nani alikuambia kiboko hana ndugu?" bibi akamjibu.

Baba alirudi kambini akiwa na hasira. Huko kulikuwa na mama mmoja mtafiti, mtu mzima, aliyechimba miaka mingi Yerusalemu kabla ya kuja huku. Baba alipomsimulia habari ya kibuyu, wenzake walicheka, yule mama hakucheka. Alisema Wayahudi wa wakati wa Yesu wangemwelewa bibi vizuri kuliko wazungu wote waliokuwa pale kambini. Akamwambia kwamba kwenye magofu ya nyumba za kule walikuwa wanafukua vyombo vilivyochongwa kwa mawe, vikombe mpaka mabalasi makubwa. Kwa nini mtu ahangaike kuchonga jiwe na udongo wa mfinyanzi upo tele? Jibu liko kwenye maandiko ya kale ya walimu wao. Chungu kikiwa ndani ya nyumba yenye maiti kinanajisika, na dawa yake ni kukivunja. Jiwe halishiki unajisi. Ndiyo maana kwenye arusi ya Kana mabalasi yalikuwa ya mawe.

Hayo baba aliyabeba kama mbegu. Alipoacha uchimbaji akawa katekista, akawa anayapanda kidogokidogo kila Jumapili ambayo padre hayupo, na Jumapili hizo ni nyingi. Watu walipenda. Aliyependa kuliko wote ni Mzee Hhando, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Alipoambiwa kwamba Wayahudi walipaka makaburi chokaa kabla ya sikukuu ili mpita njia asije akakanyaga kaburi bila kujua akanajisika, alipiga goti lake kwa kiganja. "Kumbe walikuwa na akili," akasema. "Huku kwetu unakanyaga tu, unaenda kuambiwa baadaye." Urafiki wao ulikua mpaka Bonaventura, mtoto wa Mzee Hhando, akamposa dada yangu Benedicta.

Siku ninayoisimulia ilikuwa ya kuamkia arusi hiyo. Ulikuwa ule mwaka wa shida, sukari inatafutwa kama dawa na magari yamelala kwa kukosa mafuta. Hata hivyo pombe ilikuwa tayari imechachuka, na padre alikwisha kutuma neno kwamba kesho atafika kwa pikipiki. Mzee Hhando alikuwa kwetu tangu saa za mchana akionja pombe kwa kisingizio cha kuikagua.

Ndipo akaja Sara, jirani anayeuza kuni. Hakuingia uani. Alisimama nje ya boma akaongea kwa sauti ya chini.

"Kuna mtu chini ya njia, pale korongoni. Amekufa. Nafikiri ni mmoja wa wale vibarua wa kahawa wanaotoka Singida."

"Umemgusa?" Mzee Hhando akauliza kabla mtu mwingine hajafungua mdomo.

"Mimi? Nimemwona miguu tu, nimekimbia."

Baba alikwenda kuangalia, nikamfuata nyuma. Alikuwa mwanaume wa makamo, amelala ubavu, koti limefungwa vifungo vyote kama mtu aliyesikia baridi. Hakuwa na jeraha. Baba alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, akamtazama muda mrefu. Juu yetu, kwenye njia, watu walipita na mizigo yao wakirudi kutoka Karatu. Walikuwa wanatuona, kisha wanahamia upande wa pili wa njia.

Balozi wetu wa nyumba kumi alishatumwa kituoni kwa baiskeli. Akarudi jasho linamtoka. "Gari halina mafuta. Wamesema tuangalie kama kuna dalili ya kupigwa, kama hakuna, tumzike, watakuja kuandika maelezo. Na shambani nimepita, mnyapara anasema msimu umekwisha, wenzake wote wameshaondoka, huyu hamjui hata jina."

"Basi tumzike," baba akasema.

Balozi akatazama baiskeli yake. "Mimi nina ng'ombe anayetaka kuzaa, katekista. Nikiingia metimani nani atamkamua?" Akapanda baiskeli akaondoka.

Jua lilikuwa limeanza kuinama kuelekea msitu wa Ngorongoro. Kila mtu wa Ganako anajua kinachotoka msituni likizama. Wiki hiyohiyo fisi walikuwa wamemtoa ndama zizini kwa watu.

Tuliporudi uani Mzee Hhando alikuwa amesimama, fimbo mkononi. Alishasoma uso wa baba.

"Usifanye hivyo, mkwe mwenzangu."

"Nifanye nini?"

"Hicho unachofikiria. Ukimgusa yule, nyumba yako imeingia metimani. Kesho mimi sitakanyaga hapa, wala mtu wangu yeyote. Utamwoza mtoto kwa nani, kwa mbuzi?"

"Padre mwenyewe anasema metimani siyo sheria ya kanisa."

"Padre anakuja kwa pikipiki na anaondoka kwa pikipiki. Sisi tunachota kisima kimoja." Mzee Hhando akasogea. "Na wewe ndiye uliyetufundisha. Kuhani alimpita yule mtu wa njia ya Yeriko, aliyepigwa na wanyang'anyi, kwa sababu aliogopa kunajisika kwa maiti. Umesema mwenyewe, mimi nilikuwepo. Alikuwa na sheria yake. Basi na wewe una sheria yako, pita."

Baba alikaa kwenye kigoda. Benedicta alikuwa mlangoni mwa jikoni, mikono ina unga. Yeye ndiye aliyekuwa anapimwa hapo, na watu wawili walikuwa wanabishana juu yake bila kumwuliza.

"Sikumaliza siku ile," baba akasema. "Nilikatisha kwa sababu mvua ilianza. Wale walimu wa Kiyahudi wana neno jingine. Kuhani mkuu hakuruhusiwa kujinajisi hata kwa maiti ya baba yake mzazi. Baba yake! Lakini akimkuta njiani mfu asiye na mtu wa kumzika, lazima asimame amzike yeye mwenyewe. Yesu alipotaja yule kuhani, waliomsikiliza waliijua hiyo. Ndiyo maana kisa kiliwachoma."

"Yule wa Yeriko hakuwa amekufa."

"Kweli. Basi huyu wetu amekufa, ndiyo mbaya zaidi."

"Na huyu ana watu," Mzee Hhando akasema. "Ganako nzima hii ni watu. Kwa nini uwe wewe, leo?"

"Hilo nalo waliuliza. Wakasema asiye na mtu ni yule ambaye ukiita, hakuna anayeitikia."

"Basi ita," Mzee Hhando akasema. Nadhani aliona amepata njia. "Ita. Akitokea mmoja tu, wewe kaa na mtoto wako."

Baba alipanda kichuguu kilicho nyuma ya zizi, mahali tunapoitana kutoka kilima hadi kilima. Akaweka mikono mdomoni. Aliita nyumba moja moja kwa jina la mwenyewe, kwa Kiiraqw, akasema kuna mgeni amekufa na jua linazama, nani atashika jembe. Sauti ilikwenda vizuri, hapakuwa na upepo. Nilimwona mama mmoja ng'ambo akisimama na ndoo yake, akasikiliza, akaingia ndani, akavuta mlango. Kwa jirani wa chini mbwa alibweka, akanyamazishwa. Moshi wa chakula ulikuwa unatoka kila paa, kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na watu.

Baba akaita tena upande wa mashamba ya kahawa, safari hii kwa Kiswahili. Kimya. Mzee Hhando alikuwa anaangalia chini, anachora udongo kwa ncha ya fimbo.

Baba akashuka. Hakumwendea Mzee Hhando, alimwendea Benedicta.

"Mwanangu, umesikia."

"Nimesikia, baba."

"Ukisema nisiende, sitakwenda."

Dada yangu akapangusa unga mikononi kwa khanga, akachelewa kwenye kila kidole. Pombe ilikuwa inatoa povu kwenye mtungi nyuma yake, tuliisikia. "Nikikuambia usiende," akasema, "Jumapili ijayo utatusomea nini?" Akaingia jikoni. Akatoka na jembe, akamkabidhi.

Mzee Hhando akaondoka bila kuaga.

Pale korongoni udongo ulikuwa mgumu. Baba alichimba kama alivyofundishwa ujana wake, kingo zimenyooka, na mimi nilikuwa naondoa udongo kwa sufuria bovu. Hatukuwa tumefika magotini tuliposikia fisi mmoja, juu kule kwenye majani marefu. Fisi akilia mbali unacheka naye. Huyu hakulia, alikohoa tu.

"Usigeuke," baba akasema. "Endelea."

Majani yakachezacheza. Baba akainua jembe. Aliyetokea alikuwa Bonaventura, anahema, viatu mkononi na koleo begani.

"Umechelewa kuitikia," baba akamwambia.

"Mzee alinifichia koleo."

"Rudi, kijana. Baba yako alisema akitokea mtu, mimi nikae. Sasa nimekwisha shika jembe, nimekwisha ingia. Ukishuka humu, na nyumba yenu nayo imeingia."

"Najua," Bonaventura akasema, akashuka. "Nyumba zote mbili zikiwa metimani, nani atamkataza nani kula kwa mwenzake?"

Baba alimtazama, halafu akacheka kidogo, cheko la kwanza tangu mchana. Wakamzika yule mtu na koti lake. Baba akasema sala. Ilipofika mahali pa jina akasema, "Huyu ndugu," akaendelea.

Arusi haikufungwa. Padre alikuja, akasema yeye yuko tayari hata sasa hivi, lakini Benedicta akakataa kuolewa katika uwanja mtupu. Tulimwaga pombe ikiwa imegeuka siki. Miezi ile tulichota maji baada ya watu wote, na watu waliweka vitu vyetu chini badala ya kutupa mkononi. Bonaventura alifukuzwa kwao kabla hajavuka kizingiti, akawa anakula kwetu, maana hakuna mwingine aliyemtaka. Kila jioni walikaa yeye na dada yangu kwenye kigogo cha uani wakimenya maharage, huku baba yuko katikati akijifanya hasikii. Mzee Hhando tulikuwa tunamwona ng'ambo ya kijito tu, anapita na ng'ombe zake, hainui fimbo kusalimu.

Karibu na mwisho wa metimani, asubuhi moja, nilikuwa napita korongoni na mbuzi. Mawe tuliyopanga kuzunguka kaburi yalikuwa meupe. Chokaa ilikuwa mbichi, inanata kwenye majani. Nikamkimbilia baba.

Alikuja, akalizunguka kaburi taratibu kama anavyozunguka kitu alichokifukua. Mawe yalikuwa meupe upande mmoja tu, ule unaoelekea njia. Upande wa nyuma yalikuwa na rangi yake ileile. Majani ya katikati yalikuwa na matone, na pale juu njiani tukakuta alama za viatu vya matairi, tundu la ncha ya fimbo, na ufagio mkuukuu wa majani umetupwa kando ya kopo.

"Ameirusha kutoka mbali," baba akasema. "Hakukubali kusogea."

Akauokota ule ufagio, akautumbukiza kwenye chokaa iliyobaki chini ya kopo, akashuka kumalizia upande wa nyuma. Mimi alinituma nyumbani, nikamwambie Benedicta aanze kuloweka mtama wa pombe.