Siku Tulipokuwa Kiini cha Atomu

Nilikuwa na miezi michache tu tangu nianze kufundisha fizikia, kidato cha tano, katika shule moja ya sekondari hapa Ifakara. Siku hiyo nilichora kiini cha atomu ubaoni, protoni na nyutroni zimebanana, nikaendelea na somo. Binti mmoja mkimya wa kutoka Idete, ambaye wiki iliyotangulia aliniambia fizikia imemshinda na anataka kuhama tahasusi, achukue mchepuo usio na fizikia, akanyoosha mkono.

"Madam, protoni zote zina chaji chanya. Zinasukumana. Sasa mbona hazitawanyiki?"

Moyo ulinipiga kwa furaha. Swali hilohilo ndilo lililonifanya mimi niipende fizikia. Nikaanza kumjibu kwa Kiingereza cha kitabuni, nikaona macho ya darasa yanalegea. Nikaweka chaki chini.

"Tokeni wote. Twendeni uwanjani."

Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja umelowa. Wasichana nikawafanya protoni, wavulana nyutroni. Kila protoni alitakiwa ajivute kwenda mbali na protoni wenzake wote, hata yule wa upande wa pili. Lakini kila mtu, protoni au nyutroni, aliruhusiwa kumng'ang'ania yule aliyegusana naye bega.

"Huko kung'ang'aniana ndiyo nguvu ya nyuklia," nikasema. "Inaushinda msukumano wa chaji, ila haifiki mbali. Ukimwachia jirani tu, imekwisha."

Protoni wawili peke yao walitengana mara moja. Tukaongeza nyutroni wawili katikati. Wasichana wakavuta mpaka mishipa ya shingo ikawatoka, lakini hawakuachana. Darasa likalipuka kwa kelele.

"Tuingie wote!" akapaza sauti yule binti.

Wakaingia. Wale wa pembeni walisukumwa na protoni wote waliokuwamo, huku wameshikwa na majirani wawili watatu tu. Rundo likayumba, likarefuka, likabonyea katikati, kisha likakatika vipande viwili. Watu wakaanguka chali kwenye matope wakicheka.

"Madam, imepasuka! Kumbe kiini cha urani kinapasuka hivi!" mvulana mmoja akapiga kelele.

Nikageuka, nikamkuta mkuu wa shule amesimama, mikono nyuma. Nikamsogelea haraka.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Hiki ni nini, mwalimu?"

Kabla sijafungua mdomo, yule binti, matope mpaka kwenye nyusi, alishaanza kumweleza: nani anasukuma, nani anashika, kwa nini kiini kikubwa hakidumu. Alieleza vizuri kuliko mimi. Mkuu, mtu ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu, alimsikiliza mpaka mwisho. Akavua viatu.

"Mimi niwe nyutroni," akasema.

Jioni niliongozana na binti yule kuelekea mtaa wa Katindiuka. Hakunyamaza, na habari ya kuhama tahasusi hakuigusia tena.

"Na protoni yenyewe, madam, huko ndani imeshikwa na nini?"

Nikamwambia mna chembe ndogo zaidi, kwaki, zinazoshikwa na nguvu kali kupindukia. Hii tuliyoicheza uwanjani ni mabaki yake tu, yanayovuja nje.

Akasimama katikati ya barabara. "Mabaki tu?"

"Mabaki tu."

Bodaboda zikatupigia honi tusogee. Hatukusogea. Tulikuwa tunacheka mno.