Kangaga la Mama Mkwe

Saa moja na robo asubuhi, dada mkubwa wa mke wangu aliingia uani kwetu Nshambya akitokea Muleba, akasimama mbele ya chungu cha kangaga, mmea wa kivulini wenye majani kama manyoya ya ndege. Mke wangu alilichimbua kando ya chemchemi, nyumbani kwa marehemu mama yao, na hakuwa na kumbukumbu nyingine ya mama huyo. Sasa majani yalikuwa ya kahawia. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba makangaga ya nchi za baridi hukauka kisha huchipua tena, nikashauri tusubiri, huku nikitenga fedha za mbolea.

“Shemeji, umelianika juani kama kahawa!” alisema akicheka. “Hili la kwetu huwa kijani mwaka mzima. Ukiliona limekauka, ujue linakufa.”

Tulilihamishia chini ya migomba, penye kivuli na udongo mweusi wenye unyevu, tukalifunika shinani kwa nyasi. Baada ya wiki chache chipukizi lilitokeza, limejikunja kama konokono. Mke wangu alichuchumaa akalimwagilia maji kwa kikombe.

Namshukuru shemeji hadi leo. Mbolea sikununua, shilingi elfu kumi na tano zilibaki.